Senti Iliyong'aa Mno

Guylain alikuwa wa kwanza kudanganya Ijumaa ile, na kahawa ilikuwa hata haijafika mezani.

"Miye ile sarafu sijaionaka, yaya Darlène. Haki ya Mungu."

Alikuwa amevaa miwani ya jua. Ndani ya mkahawa, Porte de Namur, mwezi wa Novemba, na mvua haijapumzika tangu Jumatatu. Darlène Kisimba, mpelelezi wa kukodiwa na yaya, dada mkubwa, wa kila kijana wa kwao, alijua kwamba kijana wa aina hiyo huwa anaficha mambo mawili: macho ya pombe, na jambo jingine.

"Toa miwani."

Akatoa. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya za kopo. Likabaki jambo moja.

"Sasa simu."

"Simu iko kintu ya siri, yaya. Mu Belgique kuko sheria."

"Kuko hata sheria ya kudanganya bima. Ile iko ndefu kuliko yako. Weka hapa."

Kampuni moja ya bima ndiyo iliyomkodi Darlène, nayo ilitaka kujua neno moja tu: ilipe au isilipe. Papa Donatien, tonton wake Guylain, yaani mjomba wake, mhandisi mstaafu wa viwanda vya shaba vya Likasi na sasa mkazi wa Auderghem, alikuwa na senti ya shaba ya Marekani ya mwaka 1794, pana kuliko sarafu ya euro mbili, rangi ya chokoleti. Maisha yake yote aliyeyusha shaba iliyokwenda kuwa mali ya watu wengine. Uzeeni akatafuta kipande kimoja kiwe chake. Alikipata kwa mjane mmoja wa Laeken, na tangu hapo aliwataja wenye senti waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine hadi Boston, kama wazee wanavyotaja ukoo wa bibi harusi.

Mwezi uliopita kiharusi kilimwangusha. Madaktari wakamkatia tamaa, yeye akawaaibisha, akarudi nyumbani. Siku hiyohiyo aliomba kisanduku chake. Ndani alikuta senti ya mwaka uleule, picha ya mwanamke yuleyule mwenye nywele za upepo, lakini rangi ya waridi, inang'aa kama kitasa kipya.

"Si yangu," alisema. "Imebadilishwa."

Mahali pa ufunguo palijulikana na watu watatu: mkewe Maman Alphonsine, Guylain, na Rukiya, Mrundi wa Bujumbura aliyetumwa na shirika la walezi kumtunza mzee tangu miguu ilipomwishia nguvu. Mke, mpwa, mlezi. Hesabu hiyo watu huifanya bila kalamu. Shirika lilimsimamisha Rukiya jioni ileile. Leo saa sita mchana lingemfuta kazi kabisa, na bila mkataba wa kazi faili la kumleta mwanawe Hamisi lingeanguka. Hamisi alikuwa anatimiza miaka kumi na minane Desemba. Baada ya hapo si mtoto tena, ni mtu mzima anayeomba viza kama watu wote, yaani hapewi.

Darlène alisogeza picha kwenye simu kwa kidole. Guylain na gari lisilo lake. Guylain na koti lisilo lake. Guylain na kuku wa kukaanga, huyo labda alikuwa wake. Kisha senti, mbele na nyuma, kwenye kiganja, katika mwanga mzuri wa dirishani.

"Hii hujaionaka?"

"Bon." Guylain alikohoa. "Nilikuwa nataka kumuonyesha Tatiana. Nikamwambia ni ya urithi."

"Akasema nini?"

"Akauliza kama inaweza kununua gari. Nikasema hata nyumba. Akanipatia namba ya simu."

"Ya kweli?"

"Ya pizzeria."

"Ulipiga hii picha lini?"

"Mbele, kabla ya tonton kwenda hospitali. Siku mbili, tatu. Sikuibaka, yaya. Nilipiga picha, nikarudisha mu kisanduku. Kwanza iko nzito sana kwa kintu kidogo vile, iliniogopesha."

Darlène alitoa kitambaa mkobani, akakitandaza kati ya vikombe, akaweka juu yake senti ya waridi ambayo bima ilikuwa imemkabidhi. Akaweka simu pembeni. Akatoa kioo cha kukuzia, akainama.

Guylain naye akainama, vichwa vikakaribia kugongana.

"Tazama!" alisema. "Ufa! Unatoka ku ukingo mpaka ku nywele. Hapa uko, na mu picha uko. Donc ni ile ile!"

"Hapana. Hapo ndipo wanaoanza wanapotea. Ule mstari si ufa wa senti, ni ufa wa muhuri wa chuma ulioigonga. Muhuri ukipasuka, kila senti inayotoka pale inabeba mstari uleule. Ni kama paji la uso wa kwenu: unalo weye, analo tonton, wanalo wote. Hainiambii nani ni nani."

"Alors nini itakuambia?"

"Kovu."

Alianza na ukingo. Chini ya tarakimu za mwaka palikuwa na bonde dogo, kama mtu aliyeng'ata biskuti akaghairi. Akatazama picha. Bonde lilikuwepo, palepale. Akahamia kwenye kidevu cha mwanamke. Karibu nacho palikuwa na kishimo chenye umbo la punje ya haragwe, kimeelekea chini. Kwenye picha, punje ya haragwe, imeelekea chini. Muhuri mmoja unaweza kuzaa maelfu. Kuanguka vibaya ni kwa kila mmoja peke yake.

Darlène aliinua kichwa.

"Hakuna aliyebadilisha kitu. Ni ileile."

"Hakuna mwizi?"

"Hakuna."

Guylain alitaka kushangilia, akajizuia. "Sasa nani aliifanya iwe rose hivi?"

Darlène alichomoa kijiti cha meno kwenye kopo la mezani, akachokoa taratibu ndani ya herufi zilizo juu ya kichwa cha mwanamke. Ikatoka chembe ya unga wa kijivu. Akaipaka kwenye kitambaa, akaisugua, akainusa. Majivu. Na nyuma ya majivu, kwa mbali, ukali wa ndimu.

"Guylain. Kwenu Likasi, kule kampi ya kiwanda, shaba ya ukutani mnasuguaka na nini?"

"Ndimu na majivu. Maman yote banafanya vile."

"Siku gani?"

Guylain alichukua miwani yake ya jua, akaivaa tena.

Darlène alipiga simu kwa shirika la walezi akiwa bado amekaa. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti safi, ya mtu aliyekwisha kula. Hapana, picha hazitoshi. Hapana, maoni ya mpelelezi hayatoshi. Mteja ndiye aliyelalamika, mteja ndiye aondoe lalamiko, kwa maandishi, na sahihi, kabla ya saa sita. Na siku njema.

Rukiya alikuwa chini ya kibanda cha basi, hatua chache kutoka kwenye nyumba ya Papa Donatien. Hakuruhusiwa kuingia. Hakuna aliyemkataza kibanda.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?" Darlène aliuliza.

"Nikikaa nyumbani natazama ukuta. Hapa angalau natazama mabasi." Alijaribu kutabasamu. "Umepata kitu, maman?"

"Nimepata. Nijibu mawili kwanza. Siku mzee alipofungua kisanduku, ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyemshikia. Mkono wake mmoja umekufa, hawezi kufungua hata kifungo."

"Alifanya nini?"

"Alitazama, akasema si yangu."

"Aliomba kioo?"

"Hakuomba."

"Aliigeuza? Alitazama ukingo?"

Rukiya alifikiri. "Hata hakuigusa. Tena nilishangaa. Mzee yule, ukimletea chenji ya mkate, anaigeuza kwanza."

"La pili. Nyumba ilikuwaje uliporudi kazini?"

"Safi. Maman Alphonsine alikuwa amenipa mapumziko mzee alipolazwa. Nimerudi, nakuta makochi yamehamishwa, na zile sahani za shaba ukutani zinawaka kama taa. Nikadhani wanataka kupaka rangi."

"Hukuuliza?"

"Mlezi haulizaulizi, maman. Kuna mtu aliniambia hivyo siku ya kwanza." Akatazama mtaa. "Hamisi ananiandikia: mama, huko baridi ikoje, ninunue koti la aina gani. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri."

"Hilo tayari analijua vizuri."

Maman Alphonsine alifungua mlango akiwa na kitambaa cha jikoni begani. Mwanamke mrefu, mgongo wima. Alimpeleka Darlène sebuleni bila neno.

Sahani za shaba zilikuwa ukutani, kubwa, za kufuliwa kwa nyundo: tembo, wanawake wakitwanga, mnara wa kiwanda na moshi wake. Darlène alisogea kama anayestaajabu. Katika mikunjo ya sikio la tembo ulikuwa umejificha unga wa kijivu. Akatazama chini. Makochi yalikuwa yamerudishwa katikati ya chumba, lakini zulia lilikuwa na kumbukumbu yake: alama za miguu ya viti, vingi, vimepangwa kufuata ukuta pande zote.

Mtu wa Bujumbura angeona nyumba inayotaka rangi. Mbelgiji wa bima angeona mama msafi. Darlène alizaliwa kampi moja na hawa. Viti kandokando ya ukuta ni matanga. Na kabla watu hawajaja kulia, wanawake wa kampi ile husugua shaba yote ya nyumba, hadi ya mwisho, ili aliyekufa asiaibike.

Ila hapa aliyekufa alikuwa chumba cha pili, anakohoa.

"Papa, jambo," Darlène alisema mlangoni pa chumba hicho.

"Jambo, mwanangu." Mdomo wa Papa Donatien ulikuwa umeteleza upande mmoja, maneno yakatokea upande wa pili. "Umeniletea mwizi?"

"Nimekuletea senti yako."

"Si yangu."

"Hujaiangalia."

"Siangaliaka takataka."

Darlène alivuta kiti. "Papa, watu wa sarafu banakuongelea. Banasema ku Laeken, mjane alikupikia, ukakaa na kioo mpaka chakula kikapoa, akapasha moto, kikapoa tena. Hujawahi kuhukumu sarafu bila kugeuza ukingo wake. Hii peke yake ulihukumu kwa mbali, bila kioo, bila kuigusa. Muntu asiyeijua angeichunguza. Weye uliijua mara moja."

Mzee alitazama dari.

"Bonde liko chini ya mwaka," Darlène alisema. "Haragwe iko karibu na kidevu."

"Haragwe nilikuwa nalipenda," alisema Papa Donatien. "Banasema ni kasoro. Miye nililipenda."

"Basi kwa nini ulisema imebadilishwa?"

"Siku nilirudi, banaume ba ambulance banipitisha sebuleni na kiti ya magurudumu. Naona tembo anawaka. Naona mnara unawaka. Maman yangu alisuguaka vile siku ya baba. Akasugua tena siku ya kaka yangu. Naangalia, najiuliza, leo njo nani amekufa? Kisha naomba kisanduku." Akameza mate kwa shida. "Ningesema nini? Niseme, Alphonsine, asante kwa matanga? Mwizi alikuwa mwepesi. Mwizi unamkasirikia, unakula, unalala."

"Mwizi wako ana mutoto."

"Hamisi. Najua. Rukiya alinipigiaka hadithi zake kila siku, akinikata kucha."

"Leo saa sita, papa."

Mzee akafumba macho. Jicho moja lilifumba, lingine likabaki nusu. "Andika. Andika miye njo nilisugua. Miye mwenyewe. Mukusanyaji aliyeharibu shaba yake na majivu. Batanicheka mpaka Boston. Andika."

Kalamu ya Darlène haikugusa karatasi. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa mzee, uliolala juu ya blanketi kama glavu iliyosahauliwa kwenye basi.

"Kwa mkono gani, papa?"

Mlango ulisukumwa, akaingia Maman Alphonsine na bakuli la uji.

"Maman," Darlène alisema, "nahitaji neno lako, la papa peke yake shirika halitaliamini. Sahani za ukutani na senti zilisuguliwa na mkono mumoja."

"Akule kwanza."

"Saa inaenda, maman. Kule inje kuko muntu anangojea."

"Mugonjwa hafanyi mambo ya karatasi na njaa. Akule kwanza."

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamlisha akiwa amelala vilevile, kichwa juu ya mto mmoja bapa. Kijiko. Mzee akameza. Kijiko. Akapaliwa, akakohoa hadi shingo ikasimama mishipa, Alphonsine akamfuta kidevu, akasubiri, akachota tena. Hakumtazama usoni. Naye mzee hakumtazama. Walikuwa wote wawili wanatazama uji, kama watu wanaolinda kitu kisimwagike.

"Maman, nakuomba."

"Akule kwanza."

Kengele ya kanisa la mtaani ilipiga saa sita. Ilipiga bila haraka, hadi mwisho. Alphonsine alikwangua bakuli, akampa kijiko cha mwisho, na baada ya hapo hakuwa tena na kitu cha kufanya na mikono yake.

"Munganga wa hospitali alisema hutaona asubuhi," aliliambia bakuli. "Nikaita bantu. Nikatoa makochi. Nikasugua yote. Ile ndogo ilikuwa mu kisanduku, nyeusi. Nikasema, banamuke batakuja, batasema mukewe aliacha shaba yake na uchafu."

"Haikuwa uchafu," Papa Donatien alisema.

"Sasa najua."

"Ilichukua miaka mia mbili na zaidi kupata ile rangi."

"Najua, papa. Uliposema mwizi, nilimushukuru Mungu. Nilisema, heri afikiri tumeibiwa kuliko ajue nilimulilia mbele hajafa."

Mvua iligonga dirisha. Ndipo mzee akauliza.

"Bantu balikuja?"

"Balikuja."

"Mingi?"

"Viti havikutosha."

"Nyumba ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri sana, Donatien."

Mzee akageuzia uso ukutani.

Sahihi aliiweka kwa mkono wa kushoto, mstari uliopanda kama mdudu. Alphonsine akaweka yake chini, herufi za shule ya masista, moja moja. Darlène akaipiga picha karatasi, akaituma kwa shirika hapohapo barazani, akapiga simu. Iliita. Kisha sauti safi, sasa ya mashine, ikamwambia ofisi hufungwa Ijumaa mchana na kumtakia wikendi njema.

Rukiya alikuwa palepale kibandani. Aliipokea karatasi, akaisoma yote, akarudia mahali palipoandikwa jina lake. Darlène akamweleza: ndimu, majivu, viti. Rukiya alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akamgeuzia simu yake aone. Ujumbe wa shirika ulikuwa umeingia punde tu kengele iliponyamaza. Ulimshukuru kwa huduma zake.

"Kuna rufaa," Darlène alisema.

"Rufaa wanasikiliza mwezi wa tatu. Nimeuliza. Hamisi ni wa Desemba."

"Nitaandika ripoti kali. Nitawapigia Jumatatu, nitakwenda mwenyewe."

"Andika, maman. Wewe unaandika vizuri." Alikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya koti, upande wa moyo, akaitoa, akaiweka mfuko wa nje. "Hawa watu walikuwa wanafichana. Wanapendana, bon. Mimi nilikuwa wapi humo ndani?"

Basi likaja, likamwokoa Darlène. Rukiya alipanda ngazi, akashikilia mlango.

"Amekula?"

"Amekula. Alipaliwa kidogo."

"Alimlisha amelala?"

"Amelala."

Rukiya alifumba macho. Dereva akapiga honi.

"Mwambie Maman Alphonsine amwinue kwanza. Mito miwili mgongoni. Na kijiko kiende upande wa kushoto wa mdomo, wa kulia hausikii kitu. Asipofanya hivyo atamuua kweli, na safari hii hatakuwa na cha kusugua."

Mlango ukajifunga. Darlène alisimama hadi basi likakata kona, halafu akarudi kwenye ile nyumba, akabonyeza kengele.